Goti la Yustina

Siku ile uani kwa Mama Skolastika, kule Msanzi, tulikuwepo hawa ninaowataja. Mama Skolastika mwenyewe, mwenye mji. Yustina, mke wa mwanawe mkubwa Kristofa, ambaye goti lake ndilo lililotukusanya. Mama Fortunata kutoka Namanyere, aliyeleta ndugu zake na mahari ya Editha, binti wa mwisho wa Mama Skolastika. Onesmo, mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye mama yake, Paskalia, alipata kipaimara siku moja na mimi. Rehema, mwanafunzi wa fildi kutoka Tanga, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, ila aliniita bibi nikaitika mpaka ikawa kweli. Na mimi Leokadia, mhudumu wa chumba cha mazoezi cha hospitali hapa Sumbawanga, niliyelima shamba la jirani na marehemu Anastazia, mama mzazi wa Yustina. Wengine walikuwepo, nawakumbuka wote kwa majina, lakini hao wanatosha kwa habari hii.

Ninawaandikia nyinyi, wajukuu zangu mnaosoma sayansi ya michezo na mazoezi, mnaokuja kwetu fildi na mabegi mgongoni na saa za kuhesabu mapigo ya moyo. Onesmo ndiye aliyenituma. Alisema, "Bibi Leo, waandikie. Ukiwasimulia kwa mdomo wanachungulia simu." Mimi shule niliishia darasa la nne. Nukta na mikato ananiwekea mjukuu wangu Devota, maneno ni yangu.

Nikifumba macho, chumba kile kinakuja chenyewe. Kinakuja asubuhi, ukungu umeshuka kutoka milima ya Mbizi, umelala juu ya mabati na mikaratusi, na madirisha yote meupe kama yamebandikwa karatasi. Ndani jiko la mkaa, sufuria la maji ya moto, mvuke unapanda unakutana na ukungu pale dirishani, hujui tena kipi ni cha ndani na kipi ni cha nje. Watu wamelala kwenye mikeka wanainua miguu polepole, wanashusha, wanainua. Hakuna anayesema. Ukiingia ghafla utadhani wanaogelea.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Gaudensia, Mungu amlaze. Alikuwa na mikono ya moto wakati wote, hata Julai, baridi inapokata masikio. Siri yake nilikuja kuijua: kabla ya kumgusa mgonjwa alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hakinywi, anakishika tu na kuimba puani. Wajukuu zangu, anzeni na hilo. Mkono wa baridi ukimgusa mtu, misuli yake inakimbia, na hamtaipata tena asubuhi hiyo.

Jambo la pili alilonifundisha ni viatu. Msimvue mgonjwa viatu. Mwacheni avue mwenyewe, nanyi mjifanye mnakunja blanketi. Atakavyoinama, atakavyoshika ukuta, atakavyouma mdomo, mtajua zaidi ya anayowaambia.

Mifuko ya uzito tulishona wenyewe kwa kitambaa cha kaki. Mwanzoni Sista alitaka tujaze ulezi, kwa kuwa mchanga wetu wa huku juu ni udongo mtupu, ukipata unyevu unakuwa tofali. Tukajaza ulezi. Ilipendeza, mifuko ilikaa mguuni laini kama mtoto aliyelala. Halafu panya wakapata habari. Mgonjwa mmoja, fundi Ladislaus wa baiskeli, alikuwa anainua mguu wake anafurahi, "Leo mwepesi, Sista, nimepata nguvu," kumbe nyuma yake ulezi unamwagika mkekani kama mvua. Tangu hapo tuliagiza mchanga wa ziwani, wa Kasanga, nikauosha, nikauanika, nikaupepeta kama unga. Mifuko mingine ya mchanga ule ipo mpaka leo. Mkiifunga miguuni pa watu, mnafunga kipande cha Ziwa Tanganyika.

Wanafunzi wengi wamepita. Danstan ndiye aliyenichekesha kuliko wote. Alipewa vijana wa mpira awapime mbio kiwanjani, asubuhi ya ukungu, naye anasimama golini na filimbi na saa. Anapuliza, wanakimbia, wanamezwa na weupe. Huko mbele, goli la pili, kulikuwa na mama anachoma mahindi. Wakaketi wakala. Danstan anapuliza, wanatokea wanakuja mbio, hawahemi, meno yana punje. Alirudi kwetu macho yamemtoka. "Bibi, watu wa Ufipa moyo haupandi. Nimepima mwenyewe." Onesmo alimwuliza, "Na mdomoni ulipima?"

Sasa nirudi kwa Rehema. Alikuja amevaa suruali ya michezo yenye mistari, amezoea joto la kwao, akawa anatetemeka mpaka meno yanapiga ngoma. Nilimpa blanketi akajifunga juu ya suruali, ndivyo alivyofanya kazi mwezi wa kwanza. Kwao alikuwa golikipa. Alitaka timu, alitaka wachezaji, kipyenga na koni za rangi. Akakuta akina mama wenye migongo ya jembe, na mzee Masanja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kule Mwanza, bega lake limekaza.

"Nilidhani nitapata timu," alimwambia Onesmo.

"Timu ipo," Onesmo akajibu. "Kuna viuno, mabega, magoti. Golini yuko Bibi Leo. Wewe chagua namba."

Akachagua magoti. Ndipo akaja Yustina.

Yustina alikuwa ameanguka na bodaboda kwenye kona ya kuingia Matai, amepakata gunia la maharage. Mfupa ulipasuka chini ya goti. Alikaa na plasta muda mrefu, na ilipofunguliwa, mguu ulitoka mwembamba, mkavu, kama si wake. Rehema aliuchukua mguu ule kama mtu anavyochukua mche. Alikuwa na mikono mizuri yule mtoto, na subira. Alifunga mchanga wa Kasanga, alivuta mipira ya kunyoosha, alihesabu kwa sauti ya chini ya Kitanga inayopanda na kushuka, na mimi nikiwa jikoni kwa maji nilikuwa naisikia kama redio ya nyumba ya pili. Yustina alianza kutembea na gongo. Halafu bila gongo. Halafu akapanda ngazi za kanisani.

Siku moja Rehema akaweka kile kipimo chao cha plastiki chenye mikono miwili, akasoma kona ya goti, akasoma tena, akatabasamu. "Dada Yustina, umepona."

"Asante," Yustina akasema. Akakunja khanga yake. Akakaa. Hakuondoka.

"Mbona umekaa?"

"Napumzika." Kisha akauliza, anaangalia dirisha, "Sasa naweza kumwamkia mama?"

"Mama yupi?"

"Mama mkwe."

Rehema akacheka. "Kwani na ulimi nao ulivunjika?"

Hakuna aliyecheka naye. Mzee Masanja aliacha kuzungusha bega lake. Yule mtoto akaona sura zetu, akaketi mkekani karibu na Yustina. "Nieleze," akasema. "Sijui."

Yustina akamweleza. Kwetu, mke wa mtu hamwamkii mkwe wake amesimama. Anashuka chini, magoti yote mawili, anainamisha kichwa, anapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa ili visitoe kelele, na anaulizwa habari za kila mtu na yeye anauliza. Mikono haigusi ardhi, wakati wa kushuka wala wa kuinuka. Mikono ni ya makofi. Tangu aanguke alikuwa anamwamkia Mama Skolastika akiwa wima, na Mama Skolastika anaitikia neno moja na kuendelea na ungo wake. Hajamwuliza mguu hata siku moja.

"Sasa wanakuja wakwe wa Editha kutoka Namanyere, wanaleta mahari," Yustina akasema. "Mke wa mtoto mkubwa ndiye anayewapokea. Ndiye mimi. Mama amesema siku hiyo nikae jikoni, atapokea Oliva." Oliva ni mke wa mdogo wake Kristofa. "Nikikaa jikoni siku hiyo, nitakuwa wa jikoni maisha."

Onesmo akajaribu. "Nitampigia simu mama. Nimweleze kwamba sisi ndio tuliokukataza kupiga magoti."

"Umwambie mkwe wangu hospitali imenikataza kumwamkia?"

Onesmo akarudisha simu mfukoni. Mimi nami nikadakia, nikasema mambo ya siku hizi yamebadilika, ainame tu kidogo, wataelewa. Yustina akanigeukia kwa upole. "Bibi, wewe mkwe wako ulimwinamia?"

Nikaenda kuangalia maji.

Asubuhi ya pili Rehema alifika kabla ya Onesmo, blanketi kiunoni. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, niamkie."

"Nikuamkie wewe? Mtoto wa juzi?"

"Nataka kuona goti linavyoshuka. Tafadhali bibi. Jifanye mimi ni mkwe wako."

"Mkwe wangu hakuwa na suruali ya mistari."

Lakini nikashuka. Nilikuwa na umri mkubwa tayari, magoti yangu yakalia kama mlango wa kanisa, naye amelala kifudifudi kwenye sakafu, shavu chini, anatazama. "Rudia, bibi." Nikarudia. "Unaanza na la kushoto." Sikuwa nimejua. Nimepiga magoti maisha yangu yote, sikujua naanza na lipi.

Jioni alikwenda sokoni kuangalia wengine, na kwa kuwa kusimama unakodolea magoti ya watu si heshima, akaona bora apige magoti na yeye. Alimpigia magoti mama muuza migebuka mpaka akaongezewa samaki. Alimpigia magoti mke wa katekista. Vijana wa bodaboda wakamwona, "Mambo sista, umedondosha nini hapo chini?" Akawajibu, "Nimedondosha goti, nisaidieni kutafuta." Mji mzima ukasema Onesmo safari hii kaletewa mwanafunzi wa ajabu. Ila akina mama walimpenda. Walimrekebisha viganja, walimsukuma kichwa kiiname, walimwonyesha khanga inavyobanwa ili isifunguke.

Alirudi na jambo kichwani. "Nilidhani shida ni kushuka," alimwambia Onesmo. "Goti la dada Yustina linashuka. Shida ni kuinuka. Sisi tumemzoesha kuinuka ameshika benchi, na hapa hashiki kitu. Ni golikipa aliyedaka mpira akiwa chini, anatakiwa ainuke na mpira mikononi. Paja ndilo linafanya kazi yote."

Onesmo akauliza, "Na mfupa?"

"Ndiyo nataka unisaidie. Picha ya mfupa uisome wewe, uniambie kama unabeba."

Onesmo akaitazama picha dirishani, akasema unabeba, taratibu. Basi wakapanga. Mimi nikatakiwa kukunja mablanketi, yale ya kijivu, nikayapanga moja juu ya jingine yakawa kama kitanda. Yustina akapiga magoti juu ya mrundo ule, hata hakushuka sana. Makofi. Kuinuka. Ilikuwa rahisi, tukafurahi. Baada ya siku kadhaa Rehema akaondoa blanketi moja. Makofi. Kuinuka. Halafu akaondoa jingine.

Hiki ndicho kipindi ninachokiota mpaka leo. Ukungu dirishani, mvuke, Yustina anashuka anapanda, na kila wiki anashuka mbali kidogo zaidi, kama mtu anayeingia kisimani kwa ngazi. Mzee Masanja akawa anampigia makofi, mkono wa bega bovu hauinuki hivyo anapiga paja lake, pa, pa, pa. Akina mama wa migongo nao wakaanza kushuka na kuinuka pamoja naye bila kuambiwa. Chumba kizima kikawa kinaamkiana. Kuna asubuhi nilisikia na Sista Gaudensia anaimba puani, na alikuwa amekwisha kufa zamani. Sikugeuka kutazama. Niliendelea kukunja blanketi.

Ilipobaki blanketi moja, siku zikawa zimekwisha. Sakafuni penyewe Yustina aliinuka mara nyingine, na mara nyingine paja lilitetemeka, akaanguka ubavu, Rehema akamdaka. Jioni ya mwisho alimwuliza, "Kesho litakubali?"

Nilijua Rehema angependa kusema ndiyo. Fildi yake ilikuwa inaisha na alimpenda Yustina kama dada. Akakaa chini, akashika lile goti kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa ya moto, alishajifunza kikombe. "Dada, sijui," akasema. "Niliwahi kukuambia umepona, sitarudia. Linaweza kukubali, linaweza kukataa. Ukikaa jikoni hakuna wa kukulaumu."

"Nitashuka," Yustina akasema.

Basi tukaenda Msanzi, Onesmo, Rehema na mimi, tulialikwa na Yustina. Rehema nilimwazimia khanga nikamfunga juu ya suruali. Upepo wa huko kwetu siku ile ulikuwa unalaza majani yote upande mmoja, na mawingu yanapita chini chini, kivuli, jua, kivuli, uani pote. Mama Skolastika alikuwa amekaa mbele ya nyumba. Mrefu, mkavu, si wa maneno. Alimwona Yustina na kitenge kipya, akasema, "Jikoni."

"Ndiyo mama."

Akaenda. Tukadhani basi. Lakini wageni walipoingia, Mama Fortunata mbele, Oliva akiwa bado anajifuta mikono, Yustina akatoka jikoni kwa mwendo wa kawaida, akapita mbele ya mkwe wake, akashuka.

Alishuka vizuri. Goti, goti. Kichwa kikainama. Makofi yakaanza, yale ya viganja vilivyokunjwa, polepole. Mama Fortunata akaitikia, akaulizia watoto, akaulizia Kristofa. Yustina akajibu, akaulizia safari, akaulizia wa Namanyere. Makofi yakafika mwisho. Ukafika wakati wa kuinuka.

Mguu haukuinuka. Niliona kitenge cha Yustina kinatetemeka pale pajani. Mikono yake ilibaki imeshikana kifuani, haikwenda chini. Rehema alinishika mkono, akaubana. Wageni bado hawajaona kitu. Kivuli cha wingu kilikuwa kinapita.

Ndipo Mama Skolastika akasema, "Na mahindi ya huko Namanyere, mvua imeyafanyaje?"

Mama Fortunata akashangaa kidogo, kwa maana salamu ilikuwa imekwisha, lakini akajibu, mahindi hayajambo. "Na yule mjomba wenu wa kifua?" Kifua kimepoa. "Na ng'ombe?" Yustina akaanza tena makofi, ikambidi, kwa sababu mkwe wake anaamkia. Halafu Mama Skolastika, na magoti ya umri ule, akainuka kwenye kigoda chake akasema, "Mimi mwenyewe sijawaamkia vizuri," akashuka chini kando ya Yustina, bega kwa bega, akapiga makofi.

Mwenye mji kumpigia magoti mgeni wake namna ile si kitu kidogo. Wageni wote wakashuka. Uani pote watu wakawa chini, makofi laini kila upande, kama mvua inapoanza kwenye majani ya migomba. Sisi nasi tukashuka. Rehema alianza na la kushoto.

Kisha nikamsikia Mama Skolastika akisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Niinue, mwanangu, uzee huu." Akapitisha mkono wake chini ya kwapa la Yustina, na wa Yustina ukapita kwake. Watu wakaona mke mwema anamwinua mkwe wake.

Baadaye, chakula kikiwa kinapakuliwa, Mama Skolastika alipita tulipokaa. Akamtazama Rehema kuanzia khanga ya kuazima mpaka mistari iliyochungulia chini. "Binti wa suruali. Lile goti bado."

"Bado mama. Kidogo."

"Nilijua. Jikoni kuna kigoda cha juu, nilimwekea mimi." Akaenda zake.

Rehema aliondoka na basi la wiki iliyofuata. Goti nililiona mimi likipona, mwaka ule ule. Blanketi la mwisho nililiondoa mwenyewe, na Yustina aliamkia sakafuni penyewe, mikono mitupu. Nilimpigia Rehema simu, akaniuliza ameanza kuinuka na goti lipi.

Nanyi mkija, jiwekeeni akiba ya neno "umepona." Kwanza muulizeni mtu anataka kwenda kufanya nini na hicho kiungo chake, na akitaja jambo msilolijua, laleni sakafuni mtazame.

Nimesema Mama Fortunata aliulizwa mahindi kwanza, kisha mjomba. Onesmo anasema ng'ombe walitangulia. Nimesema Rehema alianza na goti la kushoto. Huenda kwa siku ile lilikuwa la kulia. Kama ulikuwepo uani siku ile, njoo unisahihishe, niko nyuma ya soko, ulizia kwa Bibi Leo, chai haikosekani. Na zaidi ya yote, kama macho yako yalikuwa pale wingu lilipoondoka, uniambie kati ya wale wawili ni nani aliyeanza kuinuka, kwa maana mimi nilipotazama wote walikuwa wima tayari, na hakuna aliyekuwa amemwachia mwenzake.